Nyota Inayotafutwa Mtu Akishajulikana

Raymond Shaban Mwakyusa, ambaye Tanzania nzima inamwita Rayvanny, alizaliwa tarehe 22 Agosti 1993. Mtu wa falaki akitajiwa tarehe hiyo hukaa vizuri kitini. Siku ile Jua lilikuwa kwenye digrii ya mwisho ya buruji ya Simba, limebakiza saa chache kuingia Mashuke. Papo hapo, pungufu ya digrii moja kutoka lilipo Jua, palikuwa na nyota ambayo Waarabu waliiita Moyo wa Simba na Wazungu wanaiita Regulus. Watu wa Babeli waliihesabu kuwa nyota ya mfalme. Vitabu vya unajimu vya Kiarabu na vya Kilatini vikairithi imani hiyo, na mpaka leo wanajimu husema kwamba Jua likikutana na nyota hii, mzaliwa atajulikana mbali na kwao. Mwaka 2016 kijana huyo wa Mbeya akatoa "Kwetu". Mwaka 2017 akapata tuzo ya BET huko Marekani.

Nimeanza na mfano huu kwa sababu ndio wenye nguvu kuliko yote ninayoifahamu kutoka Nyanda za Juu Kusini, na anayeamini nyota anastahili kujibiwa kwenye hoja yake bora. Majedwali ya anga hayana ubishi: Jua lilikuwa pale. Ila halikuwa pale kwa ajili ya mtoto mmoja. Tanzania ya 1993 ilikuwa na watu wapatao milioni 27, na kwa kiwango cha uzazi cha wakati ule, watoto zaidi ya elfu tatu walizaliwa siku hiyo ndani ya mipaka yetu, Mbeya, Iringa, Songea, Kigoma na Pemba. Wote walipokewa duniani Jua likiwa kwenye Moyo wa Simba. Leo wamepita miaka thelathini. Bila shaka wako wanaolima viazi Isyonje, wako wanaoendesha bodaboda Uyole, wako walimu na wauguzi, na wako ambao hawakufikisha umri wa kwenda shule.

Mnajimu stadi anayajua hayo, na ana jibu. Atakwambia siku ni ya wote, saa ndiyo ya mtu. Dunia inajizungusha digrii 360 kwa saa 24, yaani digrii moja kila dakika nne. Kwa hiyo ile sehemu ya anga inayochomoza upande wa mashariki wakati mtoto anapolia kwa mara ya kwanza, ambayo wazee wa falaki huiita twalii, haikai mahali pamoja. Wala haikai ile iliyo juu kabisa, kilele cha mbingu, ambayo wanajimu huitazama kwanza wakiulizwa habari za cheo na jina. Ptolemy wa Aleksandria, aliyeandika katika karne ya pili, aliifungamanisha heshima ya mtu na mianga miwili, Jua na Mwezi, kukaa kwenye pembe hizi za anga ikiwa na sayari za kuisindikiza. Asiyekuwa na hata mmoja kwenye pembe, alisema, asitarajie makubwa.

Hizi ndizo alama nyeti za ramani ya kuzaliwa, na lazima ieleweke ni vitu vya namna gani. Zuhura ukitaka unaiona jioni kwa macho yako. Twalii huioni, kwa kuwa ni mahali tu ambapo mstari wa upeo unakutana na njia ya Jua. Kichwa na mkia wa joka, alama nyingine inayohusishwa na kupanda na kushuka kwa jina la mtu, ni sehemu mbili ambapo njia ya Mwezi inakatiza ile ya Jua. Fungu la Bahati ni hesabu tupu: unapima umbali kutoka Jua hadi Mwezi, kisha umbali huo huo unauhesabu kuanzia kwenye twalii, na pale unapoishia unaweka alama. Kwa mzaliwa wa usiku wengi wanageuza, wanaanza na Mwezi. Al-Biruni, mwanazuoni mkubwa aliyeandika kitabu chake cha kufundishia unajimu mwaka 1029, aliorodhesha mafungu ya aina hii kwa makumi, huku akilalamika kwamba watu wanazidi kuyabuni kila uchao.

Kwa hiyo umaarufu katika ramani ya nyota unasimama juu ya saa. Saa ikikosewa, twalii imekosewa, kilele kimekosewa, na Fungu la Bahati limevifuata. Na hapo lazima tuulize, huku kwetu nani aliiandika hiyo saa?

Kichukue cheti cha kuzaliwa cha Tanzania ukisome taratibu. Kina jina la mtoto, jinsi yake, tarehe, mahali alipozaliwa, majina ya wazazi. Saa haimo. Na hicho cheti chenyewe kwa miaka mingi watu wa vijijini walikuwa hawana. Utafiti wa kitaifa wa demografia na afya wa 2015-16 ulikuta kwamba ni mtoto mmoja tu kati ya wanne wenye umri chini ya miaka mitano ambaye kuzaliwa kwake kulikuwa kumesajiliwa. Mabadiliko makubwa yalianzia hapa hapa. Mwaka 2013 Wakala wa Usajili, Ufilisi na Udhamini, RITA, ilizindua Mbeya mpango wa kuwasajili watoto wa chini ya miaka mitano bila malipo, kwenye vituo vya afya na ofisi za watendaji wa kata, taarifa zikitumwa makao makuu kwa simu ya mkononi. Baadaye mpango ukafika Iringa na Njombe na mikoa mingine. Mama aliyekuwa akitembea nusu siku kutoka milimani kwenda wilayani, akalala, akarudi bila cheti, sasa anakipata anapompeleka mtoto chanjo. Ninaiona kuwa moja ya kazi kubwa zilizofanywa na serikali katika mikoa hii, na imepita bila kelele.

Lakini hata hapo saa haimo. Inaandikwa mahali pengine kabisa: kwenye rejesta ya wodi ya wazazi. Mkunga anaiandika kwa ajili ya uhai wa mama na mtoto, uchungu ulianza saa ngapi, mtoto alitoka saa ngapi, alilia au hakulia, ana uzito gani. Rejesta ikijaa inawekwa kabatini. Mama anaondoka na kadi yenye tarehe na kilo.

Kwa waliozaliwa nyumbani, saa iko kwenye kumbukumbu ya bibi. Alizaliwa jogoo la kwanza. Alizaliwa ng'ombe wakitoka zizini. Alizaliwa watu wa ibada ya pili wanaingia kanisani. Kwa maisha ya kijijini huo ni usahihi unaotosha, na mimi nauheshimu. Kwa mnajimu hautoshi hata kidogo, kwa sababu kati ya jogoo la kwanza na la pili twalii inaweza kuwa imehama buruji nzima.

Sasa vijana wana programu za simu zinazochora ramani ya kuzaliwa kwa sekunde chache, bure. Binti wa Makambako anampigia mama yake, anamuuliza nilizaliwa saa ngapi. Saa nane usiku, mwanangu. Binti anaingiza 8:00. Programu, ambayo haijui kwamba sisi tunaanza kuhesabu saa baada ya kupambazuka, inamchorea anga ya saa mbili asubuhi. Kosa ni la saa sita, na saa sita ni robo nzima ya mzunguko wa mbingu. Ile sehemu ya anga iliyokuwa inachomoza wakati anazaliwa, kwenye ramani yake sasa imefika karibu na kilele. Usiku umekuwa mchana, kwa hiyo Fungu la Bahati nalo limehesabiwa kwa kanuni iliyogeuzwa. Na bado akisoma maelezo atajiona mle. Ataambiwa ana kipaji ambacho watu bado hawajakitambua, na ni nani mwenye miaka ishirini asiyeliamini hilo?

Kuna hesabu nyingine ambayo watu wa huku wangepaswa kuijua. Saa za Afrika Mashariki zinafuata mstari wa longitudo 45, unaopita karibu na Mogadishu. Mbeya iko magharibi ya mstari huo kwa zaidi ya digrii kumi na moja, Iringa kwa zaidi ya tisa. Ndiyo maana Jua la Mbeya linafika utosini yapata saa saba kasoro robo mchana, na la Iringa dakika chache mapema zaidi, wakati saa ya ukutani ilishapita sita zamani. Programu nzuri zinalirekebisha hilo zenyewe. Anayehesabu kwa mkono akisahau kuziondoa dakika hizo, kilele chake kinakwenda kando kwa digrii kumi na moja na nusu, katika fani inayodai kwamba digrii moja inatosha kumtenganisha maarufu na asiyejulikana. Tena kwa wazee waliozaliwa enzi za ukoloni, saa rasmi za Afrika Mashariki zilisogezwa zaidi ya mara moja, mara nusu saa, mara robo saa.

Pengine ni kwa sababu hiyo kwamba nyota ambayo Waswahili wengi wanaijua haitokani na saa kabisa. Inatokana na jina. Mganga wa kitabu anachukua jina lako na jina la mama yako, anayaandika kwa herufi za Kiarabu, anajumlisha thamani za herufi kwa hesabu ya abjadi, anagawanya kwa kumi na mbili, na kinachobaki ndiyo buruji yako. Tufanye pamoja. Mariamu, kwa Kiarabu mim, ra, ya, mim: 40, 200, 10, 40, jumla 290. Mama yake ni Zainabu: zai, ya, nun, ba, yaani 7, 10, 50, 2, jumla 69. Zote 359. Gawa kwa kumi na mbili, inabaki 11, nyota ya Ndoo. Binti huyo huyo akiandikishwa shuleni kwa jina la Maria, jina lake linakuwa 252, jumla na la mama 321, inabaki 9, nyota ya Mshale. Anga haikusogea hata unywele.

Majina ya kwetu yana taabu zaidi. Atupele ni jina la heshima kwa Wanyakyusa, lakini alfabeti ya Kiarabu haina herufi ya sauti ile ya katikati, p. Fundi akiiandika kama ba anahesabu 2, akiiandika kama fa anahesabu 80. Tofauti ni 78, na 78 ukiigawa kwa kumi na mbili inabaki sita. Hatua sita kati ya kumi na mbili zinakupeleka kwenye buruji inayotazamana uso kwa uso na ile ya kwanza. Mafundi wawili, mteja mmoja, nyota mbili zilizo mbali kuliko zote.

Aliyeifanya fani hii ikaingia kila nyumba ni marehemu Sheikh Yahya Hussein wa Magomeni, Dar es Salaam, aliyefariki dunia tarehe 20 Mei 2011. Kwa miongo kadhaa alisikika redioni, akaonekana kwenye runinga, akasomwa magazetini, Tanzania na Kenya. Watu waliokuwa hawajawahi kwenda kwa mganga walijua kama wao ni Kaa au Nge kwa sababu yake. Kuelekea uchaguzi wa 2010 alitabiri kwamba mwana-CCM atakayejitokeza kushindana na Rais Jakaya Kikwete ndani ya chama angekufa ghafla. Kikwete akagombea bila mpinzani chamani. Lakini hiyo ilikuwa desturi ya CCM kwa rais anayeomba muhula wa pili, na utabiri wa jambo ambalo desturi imeshaliamua hauwezi kutuonyesha nguvu ya nyota. Kilichobaki wazi ni nguvu ya Sheikh Yahya mwenyewe. Alijulikana kuliko wengi aliowatabiria, na alijulikana kwa kazi ya kila siku, sauti, kalamu na ujasiri wa kusema hadharani.

Zanzibar nayo ina mfano wake. Freddie Mercury alizaliwa huko tarehe 5 Septemba 1946 kwa jina la Farrokh Bulsara, Jua likiwa Mashuke. Yeye alizipenda alama za nyota: nembo ya bendi ya Queen aliichora mwenyewe kwa buruji za wenzake, simba wawili, kaa mmoja, na mabinti wawili wa kumwakilisha yeye wa Mashuke. Na jina alilojichagulia ni la sayari ambayo wanajimu wanaihesabu kuwa mtawala wa buruji yake, Utaridi. Kwa hiyo kijana aliyajua mahesabu hayo, akayachukua kama mapambo ya kazi yake, kisha akaingia studio.

Nirudi Iringa, kwa sababu huko ndiko aliko mtu ambaye hesabu hizi zote zinamshindwa. Hakuna jina la Nyanda za Juu Kusini lililovuma kuliko la Mkwawa, mtawala wa Wahehe. Mwaka wake wa kuzaliwa wenyewe ni wa kukadiria, takriban 1855. Siku haijulikani, saa haipo. Ramani yake haiwezi kuchorwa na mnajimu yeyote wa Delhi wala London. Tunachokijua kwa tarehe ni alichokifanya. Tarehe 17 Agosti 1891 huko Lugalo jeshi la Wahehe liliuvizia msafara wa Wajerumani na kumuua kamanda wao Emil von Zelewski pamoja na sehemu kubwa ya askari wake. Oktoba 1894 ngome ya Kalenga ikaangushwa. Karibu miaka minne akawa porini, kichwa chake kimewekewa rupia 5,000, na wananchi wakawa wanamlisha na kumficha. Tarehe 19 Julai 1898 akajipiga risasi asikamatwe. Fuvu lake likapelekwa Ujerumani, likatajwa katika kifungu cha 246 cha Mkataba wa Versailles wa 1919, likarudi Kalenga mwaka 1954. Wazee wa Iringa husimulia kwamba Mkwawa alikuwa akipanda kwenye jiwe la Gangilonga kutafakari, na kwamba huko ndiko alikojua habari za kuja kwa Wajerumani. Hata yeye, basi, katika masimulizi yao, alitaka kujua ya kesho. Lakini mtaa wenye jina lake na shule yenye jina lake vimetokana na Lugalo, na vilevile na watu waliokataa kumuuza.

Aliyejaribu kwa uaminifu kuipima imani hii alikuwa Mfaransa, Michel Gauquelin. Alikuwa na bahati ambayo sisi hatuna, kwani msajili wa vizazi Ufaransa huandika saa. Mwaka 1955 alichapisha hesabu za mabingwa 570 wa michezo. Asilimia 22 walizaliwa sayari ya Mirihi ikiwa imetoka kuchomoza au imetoka kupita kileleni, ilhali kwa bahati nasibu alitarajia asilimia 17. Wanajimu walishangilia, wanasayansi wakabishana kwa miaka arobaini juu ya namna alivyowachagua mabingwa wake. Baadaye mtafiti Geoffrey Dean akaleta hoja ninayoiona kuwa nzito kuliko zote: kwamba zamani baadhi ya wazazi wa Ulaya waliokuwa wakisoma almanaka walimpelekea msajili tarehe na saa walizoziona kuwa na heri. Yaani hata pale saa ilipoandikwa, ilipita kwanza kwenye matamanio ya mzazi. Gauquelin huyo huyo aliwahi kutangaza gazetini kwamba anatoa utabiri wa bure. Wasomaji 150 aliwatumia karatasi moja, ramani ya Daktari Petiot, mwuaji aliyekatwa kichwa Ufaransa mwaka 1946. Kati ya kila mia, 94 walisema karatasi ile inawaeleza wao barabara.

Na alama zenyewe ni nyingi mno. Mchukue Dk. Tulia Ackson, aliyezaliwa Rungwe tarehe 23 Novemba 1976, akawa Spika wa Bunge mwaka 2022 na Rais wa Umoja wa Mabunge Duniani Oktoba 2023. Jua lake haliko karibu na Moyo wa Simba. Liko mwanzoni kabisa mwa Mshale. Hapo mnajimu anasema digrii za mwanzo za buruji nazo ni nyeti, kama zilivyo za mwisho. Nimejaribu kuhesabu. Tuchukue pembe nne za anga, nyota kumi na tano zilizoheshimiwa na wanajimu wa zama za kati, kila moja tuipe digrii moja huku na moja huku, kisha tuongeze digrii ya kwanza na ya mwisho ya kila buruji. Hizo zinameza digrii 62 kati ya 360. Ukizitupa humo Jua, Mwezi na sayari nane bila kupanga, watu zaidi ya wanane kati ya kumi watapata angalau alama moja ya kujivunia. Sijaweka joka, sijaweka mafungu ya al-Biruni. Kwa hesabu hiyo kila maarufu atakutwa na alama yake, na jirani yake asiyejulikana atakuwa nayo pia, ila hakuna anayekwenda kuitafuta.

Haya yote yangebaki mazungumzo ya kupitisha jioni kama yasingekuwa na bei. Nenda Mwanjelwa au Kabwe jijini Mbeya, nenda stendi za Iringa, tazama nguzo za umeme: karatasi zimebandikwa, mganga anasafisha nyota, anarudisha nyota iliyochukuliwa, anaongeza mvuto kwa wasanii, wanasiasa na wafanyabiashara. Anayepiga namba hizo mara nyingi ni kijana mwenye nyimbo mbili tatu kwenye simu, ambazo hajapata redio ya kuzipiga. Anaambiwa nyota yake ni kali ila imefunikwa na mtu wa karibu, shangazi, mama wa kambo, jirani. Fedha ya studio inaishia hapo, na undugu nao unaishia hapo.

Mimi linaloniogopesha ni hilo neno "imechukuliwa". Ukishakubali kwamba bahati ni kitu kinachokaa ndani ya mtu fulani, umekubali pia kwamba kinaweza kutolewa kwake. Mikoa hii inajua mwisho wa fikra hiyo. Januari 2015 serikali ilipiga marufuku wapiga ramli baada ya mauaji ya ndugu zetu wenye ualbino. Januari 2019 watoto waliuawa Njombe, mkoa uliokuwa sehemu ya Iringa mpaka 2012, na mauaji hayo yakahusishwa na imani za kutafuta utajiri. Anayechora ramani ya kuzaliwa kwenye simu yake hana kosa na sitamweka kapu moja na wauaji. Lakini anayemwambia kijana kwamba nyota yake iko kwa mwenzake anajua, au anapaswa kujua, anacheza na nini.

Njia ya Rayvanny inafuatilika bila falaki. Alianza kwa kuchana mistari Mbeya, akaenda Dar es Salaam, akapita kundi la Tip Top Connection, akaingia lebo ya WCB Wasafi iliyokuwa na studio, mameneja na mamilioni ya wafuasi wa Diamond Platnumz. Kipaji kilikuwa chake, mlango ulifunguliwa na watu. Kabla yake Joseph Mbilinyi, Sugu, alitoka kwenye rap ya miaka ya tisini akawa mbunge wa Mbeya Mjini kwa miaka kumi, 2010 hadi 2020, akiwa na umati uliomjua kwa kanda za kaseti. Mbeya na Iringa zina vijana wengi wa namna hiyo, na umbali wao kutoka studio na vyombo vya habari vya Dar es Salaam unapimwa kwa kilomita na nauli ya basi.

Kama wanajimu wanaamini wanachosema, Mbeya inawapa nafasi ya kukithibitisha ambayo hata Gauquelin hakuwa nayo. Saa za kuzaliwa ziko kwenye rejesta za wodi za wazazi, zimeandikwa na wakunga wasiokuwa na nyota yoyote ya kuitetea. Wazazi walioridhia wanaweza kuombwa saa hizo, majina yakafichwa, na wanajimu wakapewa tarehe, saa na mahali tu. Wachague ni watoto gani watajulikana. Orodha ifungwe kwenye bahasha, ikabidhiwe kwa chuo kikuu, isiguswe. Waliozaliwa Mbeya mwaka RITA ilipouanza mpango wake watatimiza miaka 18 mwaka 2031, na bado hakuna anayewajua zaidi ya nyumbani kwao na shuleni.